Samaki Watano wa Papa Anselme na Maji ya Mihogo

Siku ile mu nyumba tulikuwa watu wane, na nitawataja wote, juu kichwa yangu siku hizi inasahau dawa, inasahau funguo, lakini majina haijasahau hata moja. Alikuwa Shangazi Adèle, dada mukubwa wa baba yangu, mwenye nyumba. Alikuwa Désiré, mutoto wake wa mwisho, wa miaka miwili, kichwa kubwa na miguu ya haraka. Alikuwa Feza wa Kalehe, mutoto wa marehemu ndugu ya Papa Anselme, na Papa Anselme njo bwana wa shangazi. Halafu mimi, Nabintu, wa Nyangezi. Feza na mimi tulikuwa na umri moja, labda miaka kumi, hakuna aliyetuandikia. Papa Anselme mwenyewe hakuwapo. Alikuwa mu safari ya kazi ku Uvira na alirudi saa ya jioni. Papa Zakaria, mutumishi wa nyumba, hakuwapo pia. Alikuwa ameshuka Luberizi kuzika ndugu yake. Na kulikuwa samaki watano mu sanduku ya vioo, nao walikuwa na majina: Bwana Arusi, Bibi Arusi, Brigadie, Masista na Kadogo. Majina ile Feza njo aliwapa.

Juma iliyopita mujukuu wangu Christian alileta samaki mu nyumba yetu ya Kadutu, wane, wekundu, mu kioo ndogo kama redio. Siku ya kusafisha alitafuta beseni ya kuwahamishia. Noella, muke wake, akamupa ile alikuwa ametoka kuondolea mihogo. Maji alimwaga, lakini beseni hakuisuuza. Harufu ikanifikia pale nilikuwa nimekaa. Ninyi wa umri yangu munaijua, harufu ile ya uchachu ya mihogo iliyolala siku tatu mu maji, inashika pua na nyuma ya ulimi. Magoti yangu haisikiagi tena, lakini siku ile ilisikia. Nilisimama, nikapiga beseni ile mu mikono yake, ikaanguka, ikaenda inalia mu simenti paka ku mulango. Noella akasema Koko, njo namna wajukuu wananiita, ameshikwa na nini. Christian akaniuliza habari za samaki nilizijulia wapi. Nikamujibu kwamba zamani mutu fulani aliniambiaga. Hakuna mutu aliyeniambia. Ninaandika hapa kwa sababu na mudomo sikuweza.

Shangazi Adèle alikuja kunichukua Nyangezi kipindi cha mvua ndogo. Alivaa viatu vya kisigino mu udongo wetu, na baba yangu alitembea nyuma yake akipangusa matone ya matope ku kikwembe chake, yeye mwanaume, mbele ya watu. Alisema atanitia ku shule ya masista. Mama alinisuka nywele, akanifungia viazi vitamu mu majani, tukaachana. Nilipofika Bukavu, mu nyumba yao ya mutaa wa Muhumba, nikamukuta Feza, ameletwa kutoka Kalehe na bato ya ziwani siku chache mbele yangu, na yeye pia ameambiwa masista. Tulipewa kirago kimoja, mu chumba cha magunia. Usiku wa kwanza alinipa upande wa ukuta juu alisema upande wa mulango panya wanapita. Nilikubali bila kusema asante.

Baada ya siku chache shangazi alituita sisi wawili. Alikuwa anakula, na alituongelesha huku anatafuna. Alisema ku shule nafasi iko moja tu. Mumoja ataenda, mumoja atabaki na Désiré ku mugongo, na yeye atatuangalia kwanza, aone nani ako na mikono na nani ako na tumbo tu.

Mimi nilifikiri nafasi ni kiti. Kweli kabisa, nilikiona: kiti cha mbao, kimoja, kimewekwa katikati ya darasa, na watoto wengine wote wamekaa pembeni wanakitazama, wanangoja mwenye kukaa. Kila nilipofagia nilikiona. Na kila nilipomwona Feza anafanya kitu vizuri, nilimwona anakivuta karibu yake.

Maana Feza alifanya vitu vizuri. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na alikuwa na kopo tupu ya maziwa aliyookota nyuma ya jikoni. Ku kopo ile kulikuwa herufi, na hakuna aliyemufundisha, lakini aliuliza huyu, aliuliza yule, herufi moja kwa siku, paka akajua zote za ile kopo. Alipokuwa anaosha vyombo alizichora na kidole mu povu. Mimi sikujua hata moja. Siku ya Mungu, Jumapili, wageni wakija, shangazi alitusimamisha pamoja mbele yao, akawauliza nani ako na kichwa ya shule. "Hii ya Nyangezi iko na miguu ya kuchunga mbuzi," alisema. "Hii ya Kalehe inanuka ziwa, lakini iko na macho." Wageni walicheka, midomo imejaa. Mumoja alisema ya Nyangezi atapata bwana mapema, mutu asihangaike. Walicheka tena. Feza hakucheka, na kwa hiyo pia nilimuchukia.

Sasa samaki. Papa Anselme aliwapata kwa muzungu aliyehama, aliyeacha nyumba, mbwa na sanduku ile ya vioo, ndefu kama jeneza la mutoto, imewekwa mu saloni karibu na dirisha. Papa Anselme alikuwa mutu wa sauti ya chini. Akirudi kazini hakumusalimia shangazi kwanza, aliinama mbele ya kioo na kofia yake ku kichwa, na samaki wote watano walikuja kumuangalia. Mimi siku za kwanza niliamini wananoneshwa kwa ajili ya Noeli. Nilimuuliza Feza watatosha namna gani watu wote hawa. Alicheka paka akakaa chini. Lakini hakumwambia mutu, na kwa nyumba ile, kwa utani wa shangazi, hiyo ilikuwa kunisaidia sana. Sikumwambia asante pale pia.

Papa Zakaria njo alisafisha sanduku ile, kila mara mwezi unakwisha, na Feza alisimama karibu yake kama sindano na uzi. Mimi nilikuwa ku mulango, Désiré ku mugongo, ninaona na sisikilizi. Lakini nilisikia. Alisema maji ya robine, ile ya bomba, iko na dawa, inanuka javeli. Ichote leo, iweke mu pipa nyuma ya nyumba, ilale, dawa itoke, kesho njo uitumie. Alisema samaki asishikwe na mukono, maana ute wa ngozi yake njo nguo yake, ukiutoa amebaki uchi. Chukua bakuli, uizamishe polepole, umungoje aingie mwenyewe, umubebe pamoja na maji yake. Ya pili, beseni ya kumuweka ijae maji yake ile ya zamani, siyo mupya, hata kama unaiona chafu. Ufunike na kitambaa, asiruke, asiogope. Vioo vinapanguswa na chumvi, sabuni isikaribie. Na kurudisha: ile maji ya zamani ya beseni, pamoja na ile ya pipa, na ile ya pipa kwanza uitie kidogo ya moto ya birika, juu usiku wa Bukavu unaifanya baridi, na samaki akiingia ghafula mu baridi moyo yake unasimama. Papa Zakaria alikuwa anasema hayo yote akivuta maji na bomba ya mupira kwa mudomo, anatema, anaendelea. Feza alirudia nyuma yake kila neno, kama mutu mwenye kujifunza sala.

Halafu habari ya Luberizi ikafika, Papa Zakaria akaenda. Kabla ya kuenda alijaza pipa. Na Papa Anselme alikuwa anarudi siku ya pili yake pamoja na mukubwa wake wa kazi, na kioo ilikuwa imeota majani ya kijani. Asubuhi ya siku ile shangazi alitusimamisha mu saloni. Feza atahamisha samaki na kusugua. Mimi nitabeba maji, nitachunga Désiré. Yeye anaenda ku soko, atarudi saa sita. "Kesho ninapeleka jina moja kwa masista," alisema. "Moja. Mukiniharibia kitu leo, nitajua jina gani."

Nilijua pale pale kwamba nimeshindwa. Kazi ya akili alimupa Feza. Mimi alinipa ndoo.

Feza alifanya vizuri kama Papa Zakaria, nitasema hivyo hata leo. Alizamisha bakuli, alingoja. Kadogo aliingia wa kwanza, halafu Masista, na Brigadie alitukimbiza muda murefu, Feza anamubembeleza kwa sauti ya chini, anamwambia brigadie muzima, mukubwa wa askari, anaogopa bakuli. Watano wote wakafika mu beseni ya bluu, mu maji yao ya zamani, tukaibeba sisi wawili mikono minne paka ku baraza ya jikoni, mu kivuli, tukafunika na kitambaa cheupe. Maji iliyobaki mu sanduku mimi niliimwaga mu bustani, ndoo kwa ndoo. Feza akasugua vioo na chumvi. Nilimusikia anaimba.

Désiré alikuwa muzito. Nikamufungua ku mugongo, nikamuweka chini. Hiyo ilikuwa kosa yangu, siyo ya mwingine. Alikwenda moja kwa moja ku kitambaa, akakivuta, na ku ukingo ya beseni akajisimamisha. Beseni ikainama. Maji karibu yote ikaenda mu simenti, ikashuka ngazi, ikaingia mu udongo. Samaki wakabaki wamelala upande mu maji ya kufunika kidole tu, wanapiga mikia.

Feza alitoka anakimbia, mikono na chumvi. Hakunigombeza. Aliangalia beseni, aliangalia bustani ambako nilikuwa nimemwaga yote, akaenda ku pipa akatia mukono. Alirudi, alisema ni baridi kama mawe, na moto mu jiko imezimika, birika iko tupu, itawaua. Halafu akaona beseni ya mihogo.

Ile ilikuwa ku jua, kando ya ukuta wa jikoni, siku ya tatu. Mihogo ilikuwa imeshakuwa laini, maji yake nyeupe-nyeupe, na vuguvugu. Akatia mukono. Akanusa. Uso wake ukafunguka.

Hapa inanipasa kueleza kitu, juu wengine hamukulelewa pale tulilelewa. Kwao Kalehe mihogo inawekwa mu magunia ku ukingo ya ziwa, chini ya mawe, na samaki wadogo wanakuja kwa mamia kuidonoa-donoa. Ziwa ni kubwa, maji inaenda na sumu yake, hakuna anayekufa. Feza tangu anazaliwa alikuwa ameona samaki na mihogo pamoja kama watoto na sukari. Kwetu Nyangezi hakuna ziwa. Tulilowesha mu mashimo, kando ya kijito, na nyakuru, mama ya baba yangu, alitukataza kumwaga maji ile mu kijito. Kwa hiyo sisi watoto tuliimwaga kwa kusudi. Tuliziba kijito na matope, kikawa kama sahani, tukatia ndoo moja ya maji ya mihogo, tukakaa kungoja. Samaki wadogo walipanda juu, wakazunguka, wakafungua midomo, halafu wakageuza matumbo meupe. Tuliwaokota kama maharagwe. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko vidole vyangu.

Feza alikuwa tayari ameinua bakuli. Akasimama. Akageuka kwangu, na sauti yake haikuwa ya mutu anayenitawala, ilikuwa ya kuuliza kabisa, ya mutoto kwa mutoto.

"Nabintu, unaona samaki bataipenda?"

Nilikuwa ninapangusa miguu ya Désiré. Ninakumbuka kidole chake kidogo cha muguu, kilikuwa na tope mu ukucha. Kiti kile cha mbao nilikiona.

"Bataipenda," nilisema.

Akachota. Bakuli moja, ya pili, ya tatu, polepole ku ukingo ya beseni, asiwashitue, vile Papa Zakaria alifundisha. Samaki walisimama wima. Mara moja wakawa na nguvu, wakaanza kuzunguka, wanapishana, wanaruka juu kidogo. Feza akapiga makofi na mikono ile ya chumvi. "Angalia Brigadie, anacheza," akaniambia. Nikaangalia. Muchezo ule niliujua, nilijua mwanzo wake na mwisho wake. Na muda ulikuwepo. Ninawaambia ninyi, muda ulikuwepo. Pipa ilikuwa hatua kumi, na baridi ingewaua wawili labda, siyo watano. Neno moja lingetosha, na yeye alikuwa na mikono ya haraka. Mimi nilimufunga Désiré ku mugongo, nikakaza fundo mara mbili.

Feza akafunika beseni na kitambaa, akarudi kusugua. Alipotoka tena sanduku ilikuwa inang'aa kama hakuna kioo. Alikuja kuwachukua. Akafunua. Nilipogeuka alikuwa ametia mikono yote miwili mu maji, yeye aliyeambiwa asiwashike, anawageuza mumoja mumoja waangalie chini, na kila aliyemuachilia alirudi tumbo juu.

Shangazi alifika saa sita kamili. Hakupiga. Watu wa nyumba zile wanaopiga ni wale ambao hawana akili ya kufanya kingine. Alileta sahani nyeupe ya chuma, yenye ukingo ya bluu, akawapanga samaki juu yake kwa ukubwa, Bwana Arusi mbele, Kadogo mwisho, akamupa Feza. "Kalehe imekutuma kuvua mu saloni yangu," alisema. "Basi simama uuze." Akamusimamisha ku baraza ya mbele, mu jua, mikono imenyooka, sahani juu yake, paka mwenye samaki arudi. Na mimi alinipa kiti kidogo na kijiti cha mukaratusi. Kazi yangu ilikuwa moja: mikono ikishuka, nimuguse ku kiwiko.

Alisimama hivyo tangu saa sita. Mukubwa wa Papa Anselme hakuja, sijui sababu, lakini wengine wote walipita. Watoto wa Maman Léontine jirani, Bisimwa na Nzigire, walikuja ku uzio wa lupango.

"Maman ya samaki, leo unauza namna gani?" Bisimwa akauliza.

"Hawa bamelala," Nzigire akasema. "Muulize kama anakopesha."

"Mwenye kulala tunamukula vilevile. Ee, Mu-Kalehe, utupunguzie huyu mudogo."

Waliendelea hivyo paka wakachoka, wakaenda kula, wakarudi. Nzi walikuja. Walitembea ku macho ya samaki, halafu ku macho ya Feza, na hakuweza kuwafukuza. Mara ya kwanza mikono yake iliposhuka, nilimugusa na kijiti kwa upole, kama mutu anayeomba njia. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tano au ya sita niligundua kwamba ninaweza kupiga. Hakuna aliyenituma kupiga. Nilipiga ku mufupa wa kiwiko, pale panapouma, na mikono yake ikapanda haraka, na kitu mu tumbo langu kikafurahi. Nimezaa watoto saba, nimezika wawili, nimekimbia vita na godoro ku kichwa, na furaha ile ya kijiti sijaisahau. Natamani ningesema kwamba nilikuwa ninaogopa shangazi. Shangazi alikuwa amelala ndani.

Saa ile jua linafika chini ya paa, Feza aliniomba maji. Nikaenda ndani. Nikachota kikombe, nikakinywa mimi mwenyewe, nimesimama karibu na sanduku ile tupu, safi. Nikarudi, nikamwambia shangazi amekataa. Sikumuuliza hata kidogo.

Halafu Feza, bila kugeuza kichwa, juu akigeuza sahani ingeinama:

"Nabintu, ulijua?"

"Sikujua."

Akanyoosha mikono yake tena.

Papa Anselme alifika jioni na gari ya kazi, kofia ku kichwa, na gunia ndogo ya muchele wa bonde. Alipanda ngazi mbili, akasimama. Aliangalia sahani muda murefu. Akamuchukua Kadogo na vidole viwili, akamulaza mu kiganja, akamupangusa nzi. Shangazi alikuwa ametoka, anamuelezea kwa sauti kubwa, mihogo, ujinga, kioo, mukubwa wake wa kazi, na yeye hakumusikiliza. Aliinama kama anavyoinamaga mbele ya kioo, lakini sasa mbele ya Feza, mutoto wa ndugu yake.

"Nani alikuambia uwaweke mule?"

Jua lilikuwa nyuma yake. Feza aliinua macho, na macho yake yakapita bega la Papa Anselme, yakanifikia mimi, pale ku kiti kidogo, na kijiti ku magoti. Yakakaa juu yangu. Nilijua inakuja. Nilikuwa tayari na uongo wangu, nilikuwa nimeupanga mchana muzima.

"Mimi mwenyewe," alisema.

Papa Anselme akachukua sahani. Mikono ya Feza ilibaki pale pale, imenyooka, hewani, haikuweza kushuka. Alisimama hivyo, anabeba sahani ambayo haiko. Na mutu yule wa sauti ya chini, ambaye watu wote wa Muhumba walimusifu kwa huruma, hakumushusha mikono. Aliingia ndani na samaki wake. Kutoka saloni nilimusikia anamwambia shangazi, polepole kabisa, kwamba mutoto yule arudishwe kwa mama yake, asimuone tena mu nyumba. Shangazi akajibu sawa, na kwamba Nabintu amebaki na Désiré ku mugongo siku nzima bila kelele, huyu njo anasikiaga. Njo namna jina langu lilienda kwa masista.

Feza alirudishwa na bato ya Kalehe. Mimi njo nilimusindikiza paka ku ngazi ya bandari pamoja na Papa Zakaria, ambaye alikuwa amerudi kutoka mazishi, na ambaye mu njia alimuuliza Feza swali moja tu, kama maji ya pipa ilikuwa imeisha. Feza akasema ilikuwa baridi. Papa Zakaria akasema kweli, ilikuwa baridi, hapo ulifikiri vizuri. Kopo yake ya maziwa ilikuwa imebaki chini ya kirago. Nilijua iko pale. Sikumukumbusha. Siku ya kwanza ya shule niliibeba, nikatia kalamu yangu ndani.

Na ku shule, kiti cha mbao hakikuwapo. Kulikuwa mabenchi marefu, watoto watano, sita. Sista Clémence, aliyetufundisha, alisoma jina langu, akauliza mbona nimekuja peke yangu, alisikia mu nyumba ile mulikuwa wasichana wawili. Akaonyesha nyuma. Benchi la mwisho lilikuwa tupu lote, vumbi limelala juu yake. "Umwambie mwenzako akuje," alisema, "hapa nafasi haikosi." Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Shangazi alitaka tu mumoja abaki kubeba mutoto, na kutupiganisha kulimupendeza. Nilikaa nikaandika A.

Nilisoma miaka miwili. Halafu shangazi akazaa mapacha, na mu nyumba hakukuwa tena musichana mwingine wa kuwabeba. Mwajua wenyewe nani alitolewa ku benchi. Papa Anselme hakununua samaki wengine. Sanduku ile aliweka redio juu yake.

Sasa Christian amesafisha kioo yake, samaki wake wane wako wazima, nilimuonyesha bakuli, kitambaa, chumvi, maji ya kulaza, yote ya Papa Zakaria. Alishangaa. Alisema Koko uko mwalimu. Herufi hizi ninazoandika nazo ni za miaka ile miwili, na za kopo ile ya maziwa.

Kama mu Kalehe au popote kuna mutu anayemujua Feza, mwenye shingo ndefu, aliyelelewa kidogo Muhumba kwa baba yake mudogo Anselme, amupelekee karatasi hii. Hatajua kuisoma, labda, na munajua kwa nini. Mwenye kumusomea asome polepole. Feza, mimi ninazeeka na kichwa inaweza kunidanganya. Kama samaki walikuwa sita, unisahihishe. Kama kitambaa hakikuwa cheupe, kama Nzigire njo alianza utani na siyo Bisimwa, unisahihishe. Na pale jikoni, ulipogeuka kuniuliza, kama mimi sikusema kitu, kama neno lile lilibaki mu kichwa yangu tu na halikutoka mu mudomo, hapo zaidi, ninakuomba, unisahihishe.